Saa ya Bahari

Maneno tuliyoyasema mbele ya walimu na wazee wa vijiji, Dodoma, juu ya maji kujaa na kupwa



Yamkini baadhi yenu mmestaajabu kusikia ya kwamba leo tutanena habari za bahari. Nchi yetu hii ya Ugogo imeinuka juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,100, na toka hapa Dodoma mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa zipatazo 450. Shida yetu siku zote ni uchache wa maji, si wingi wake. Mtu wa Bahi au wa Mpwapwa huuliza mvua itanyesha lini. Haulizi maji yatajaa saa ngapi. Walakini sababu ya maneno haya ipo, nasi twaomba mtuvumilie tuitaje kwanza.

Zamani za misafara, mpagazi aliyetoka huku kwenda Bagamoyo alitembea kwa miguu majuma mengi. Alipofika pwani alikuwa katika kundi kubwa la watu, na katika kundi hilo hakukosa mmoja aliyekwisha kufika mara nyingi, ambaye alimwambia: usiende kule sasa, ngoja maji yapwe. Baadaye ikaja reli. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita hapa petu, hata mwaka 1914 ikafika Kigoma. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutuchukua toka Dodoma mpaka Dar es Salaam kwa muda upatao saa nne tu. Basi mtoto aliyeamka hapa asubuhi aweza kuwa amesimama ndani ya maji ya chumvi kabla ya alasiri ya siku ile ile, wala njiani hakukutana na hata mtu mmoja wa kumwambia ya kuwa bahari ina saa yake. Shule zetu hupeleka watoto pwani siku za likizo. Kwaya huenda. Vijana huenda kutafuta kazi, na siku ya Jumapili hushuka ufukoni. Mtoto wa pwani hufunzwa jambo hili na mama yake kabla hajajua kusoma. Mtoto wetu hafunzwi na mtu, naye ndiye aendaye kusimama juu ya fungu la mchanga katikati ya maji akidhani ya kuwa mahali pale ni nchi kavu siku zote.

Kwa hiyo twataka kuonyesha leo kwamba mtu wa bara aweza kuisoma saa ya bahari akiwa hapa hapa Dodoma, bila kuiona bahari yenyewe, na bila chombo chochote ila macho yake na mwezi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe kwa wale ambao hawajapata kuliona. Maji ya bahari hayatulii mahali pamoja kama maji ya bwawa. Hupanda polepole kwa muda wa saa sita na kitu, yakafunika mchanga, mawe na mizizi ya mikoko. Kupanda huko ndiko kujaa. Yakifika juu kabisa husimama kitambo kidogo, kisha hushuka tena kwa muda kama ule ule, yakaacha mchanga wazi. Huko ndiko kupwa. Neno pwani lenyewe latoka katika neno hilo: pwani ni mahali maji yanapokupwa. Na chombo kilichoachwa mchangani na maji yaliyopwa husemwa kimepwelewa. Hata mtu aliyekwama katika mambo yake, hana mbele wala nyuma, husemwa vivyo hivyo. Hivyo sisi wa bara twatumia maneno ya bahari kila siku, ijapokuwa bahari yenyewe hatuijui.

Toka kujaa mpaka kujaa kwa pili ni muda wa saa 12 na dakika 25. Yakijaa mara mbili huwa saa 24 na dakika 50. Dakika hizo 50 zilizozidi ndizo ufunguo wa mambo yote, maana ni zile zile ambazo mwezi huchelewa kila siku. Mchungaji yeyote ajua ya kuwa mwezi uliochomoza jana wakati fulani, leo hautachomoza wakati ule. Utachelewa karibu saa nzima. Bahari nayo huchelewa pamoja nao. Maandiko yasema kwamba mianga ya mbinguni iliwekwa iwe alama za majira, na sijui kama ipo pwani yoyote ambapo alama hiyo huonekana wazi kuliko pwani yetu.

Je, mwezi hufanyaje hata ukainua bahari? Mwezi huivuta dunia, kama dunia inavyouvuta mwezi. Lakini kitu kilicho karibu huvutwa zaidi kuliko kilicho mbali. Tuseme mbuzi watatu wamesimama mstari mmoja, na mchungaji yuko mbele yao ameshika chumvi. Mbuzi wa kwanza aliye karibu hukimbia sana. Wa pili hukimbia kiasi. Wa tatu aliye nyuma hujikokota. Baada ya kitambo mtaona kwamba nafasi imefunguka kati ya wa kwanza na wa pili, na nafasi nyingine kati ya wa pili na wa tatu. Wala hapana aliyerudi nyuma, wote wamekwenda mbele. Mbuzi wa kwanza ni maji ya upande ulioelekea mwezi. Wa pili ni dunia yenyewe. Wa tatu ni maji ya upande wa pili wa dunia. Kwa hiyo maji huvimba pande mbili, upande wa mwezi na upande ulio kinyume chake, na dunia inapozunguka kila pwani hupitia mavimbe hayo mawili. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili, si mara moja, jambo ambalo huwatatiza wengi wanaofikiri kwamba mwezi huvuta maji kwa upande wake tu.

Hayo ndiyo maelezo ya asili, ambayo Bwana Isaac Newton wa Uingereza aliyatoa katika kitabu chake mwaka 1687. Kama dunia nzima ingalikuwa bahari moja yenye kina kikubwa sana, yangalitosha. Lakini nchi kavu hukatiza maji njiani, na vina vya bahari havilingani, hata kila bandari ina uchelewaji wake. Habari hiyo tutairudia, maana ndiyo itupayo saa.

Mzee mmoja ameuliza, na swali lake ni jema: mbona bwawa la Hombolo halijai wala halipwi, nalo liko chini ya mwezi ule ule? Jibu ni kwamba bwawa ni dogo. Mbuzi wote wamesimama mahali pamoja, nao huvutwa sawasawa. Hapana wa mbele wala wa nyuma. Hata Ziwa Tanganyika, ambalo urefu wake wapita kilometa 600, hupanda na kushuka kidogo mno kwa ajili ya mwezi hata jicho haliwezi kuona. Jambo hili hutaka bahari kuu.

Tena liko la ajabu zaidi. Nchi kavu yenyewe hujaa na kupwa. Miamba hii mikubwa ya Dodoma tunayoiona imesimama imara, pamoja na nyumba zetu, mibuyu yetu na ng'ombe wetu, huinuka na kushuka mara mbili kila siku kwa kadiri ya shubiri moja na zaidi. Hatuoni, kwa sababu nchi yote huinuka pamoja nasi, wala hapana kitu kilichobaki chini cha kulinganisha nacho. Wataalamu wa kupima ardhi huona kwa vyombo vyao, nao hawana budi kulitia jambo hilo katika hesabu zao. Basi mtu asiseme kwamba habari hizi ni za watu wa pwani peke yao.

Sasa tuje kwa jua. Jua nalo huvuta bahari. Ni kubwa mno kuliko mwezi, lakini liko mbali mno, hata nguvu yake ya kuinua maji haifikii nusu ya nguvu ya mwezi. Ili kufahamu mambo ya hao wawili fikirini ngoma, kama akina mama wa Kigogo wanavyopiga muheme. Ngoma kubwa ni mwezi; hupiga pigo moja kila baada ya saa 12 na dakika 25. Ngoma ndogo ni jua. Hupiga kila baada ya saa 12 kamili. Kwa kuwa mapigo yao hayalingani, kuna siku hupiga pamoja na mlio huwa mkubwa, halafu huachana polepole, hata ndogo hupiga katikati ya mapigo ya ile kubwa na kuidhoofisha. Kisha hukutana tena.

Wakipiga pamoja, ndipo lipo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huwa wakati wa mwezi kuandama na wakati wa mwezi mpevu, na ukubwa wake hutimia siku moja au mbili baadaye. Wakiachana, ndipo yapo maji mafu: maji hujaa kidogo na kupwa kidogo, nayo ni siku za nusu ya mwezi. Dar es Salaam, siku za bamvua, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyopwa huwa mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu huwa kama mita moja tu. Mabamvua makubwa kupita yote huja karibu na mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, wakati jua linapopita juu ya mstari wa ikweta.

Hapa ndipo tunapofika kwenye saa yenyewe. Tulisema kwamba kila bandari ina uchelewaji wake. Katika pwani yetu, toka Mombasa na Tanga, Zanzibar, Bagamoyo mpaka Dar es Salaam, maji hujaa yapata saa nne baada ya mwezi kupita utosini. Nanyi mwajua jua liko wapi saa nne baada ya adhuhuri: ndipo saa kumi ya jioni, nalo limeinama upande wa magharibi, limebakiza theluthi moja tu ya njia yake toka utosini mpaka upeo wa macho. Kanuni basi ni hii: mwezi ukifika mahali ambapo jua husimama saa kumi ya jioni, pwani maji yamejaa. Na mwezi ukiwa upande wa mashariki, mahali ambapo jua husimama saa nne ya asubuhi, pwani maji yamekupwa kabisa. Kanuni hii hufaa siku zote za mwezi, uwe mwembamba au mpevu, uonekane mchana au usiku. Tofauti ya Dodoma na Dar es Salaam kwa habari ya mwezi kupita utosini ni kama robo saa tu, nayo haitudhuru.

Ikiwa mwezi hauonekani, hesabu kwa siku. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana kabisa, na tena usiku wa mwezi mpevu, maji hujaa yapata saa kumi ya alfajiri na saa kumi ya jioni, na hukupwa yapata saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku. Kwa kila siku ipitayo baada ya hapo, ongeza dakika 50. Kwa mfano, siku nne baada ya mwezi mpevu: dakika 50 mara nne ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20. Zitie juu ya saa kumi ya alfajiri. Maji yatajaa saa moja na dakika 20 ya asubuhi, na yatakupwa yapata saa saba na nusu ya mchana. Baada ya siku saba hesabu itakuwa imegeuka kabisa: maji hujaa yapata saa nne na hukupwa yapata saa kumi. Baada ya siku kama 15 imerudi pale ilipoanza.

Mtu asichukue hesabu hii kama saa ya reli. Dakika 50 ni wastani. Siku za bamvua maji huchelewa pungufu ya hapo, na siku za maji mafu huchelewa zaidi, hata hesabu yaweza kukosa kwa nusu saa, na siku nyingine karibu saa nzima. Upepo mkali nao huongeza au kupunguza maji kidogo. Kwa kujua ni wakati gani wa kutoka ndani ya maji, inatosha. Kwa kuingiza meli bandarini haitoshi kamwe.

Mkumbuke pia kwamba saa kumi ni saa ya pwani yetu. Mahali pengine duniani ni mbali kabisa na hiyo. Ziko pwani za Marekani, katika Ghuba ya Meksiko, ambapo maji hujaa mara moja tu kwa siku, na sehemu kubwa ya Bahari ya Mediteranea hujaa kidogo sana. Wala kutokujua si aibu ya watu wa bara peke yao. Julius Caesar, jemadari mkuu wa Warumi, alivuka kwenda Uingereza mwaka 55 kabla ya Kristo. Yeye na watu wake walikuwa wamezoea Mediteranea. Usiku mmoja wa mwezi mpevu maji yalijaa kupita walivyodhani, na dhoruba ikaja wakati ule ule. Merikebu walizozivuta ufukoni zikajaa maji, na nyingine zilizotia nanga zikavunjika. Yeye mwenyewe aliandika ya kuwa watu wake hawakujua kwamba mwezi mpevu ndio uletao maji makubwa. Naam, mtoto wa mvuvi wa Kunduchi angaliweza kumwonya.

Tuje sasa kwa jambo la hatari, ambalo ndilo hasa lililotufanya tusimame mbele yenu. Maji hayapandi kwa kipimo kimoja saa zote sita. Mabaharia wana kanuni yao: gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja. Saa ya pili mafungu mawili. Saa ya tatu matatu. Saa ya nne matatu. Saa ya tano mawili. Saa ya sita moja. Tuseme kimo ni mita 3. Saa ya kwanza maji yatapanda robo ya mita tu, na mtu aliyesimama juu ya fungu la mchanga atasema, loo, bahari hii ni taratibu. Lakini saa ya tatu na ya nne, saa mbili hizo peke yake, yatapanda mita moja na nusu, na hicho ndicho kimo cha mtoto wa shule aliyesimama. Nayo hayaji kutoka mbele tu. Mchanga wa ufukoni una mabonde yasiyoonekana vizuri. Maji hupita kwanza mabondeni, nyuma ya mtu, hata fungu alilosimama huwa kisiwa naye yungali akiokota makombe. Anapogeuka kurudi, hukuta njia aliyopita kwa miguu mikavu sasa ni mto wenye nguvu.

Maji yanapokupwa hatari ni nyingine. Katika mikono ya bahari na midomo ya mito, maji yote yaliyoingia kwa saa sita hutoka kwa mlango ule ule mwembamba, na katika saa zile za katikati huenda kasi sana. Aogeleaye hapo huchukuliwa kwenda nje. Kwa hiyo watu wa pwani wakitaka kwenda mbali mchangani, hutoka wakati maji yangali yakipwa, na yakisimama tu nao hugeuka kurudi. Mgeni hufanya kinyume: hutoka wakati maji yamekwisha kupwa, kwa kuwa ndipo apaonapo pazuri, na kumbe muda wake umekwisha.

Wako watu wengi ambao kazi yao yote hufuata saa hii. Huko Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, na wanawake ndio wakulima zaidi. Shamba lao liko chini ya bahari. Hawawezi kulifikia ila bamvua linapopwa, na kwa kuwa bamvua katika pwani yetu hukupwa siku zote karibu na saa nne ya asubuhi, kazi yao ni ya mchana kweupe. Kisha maji mafu yakija hukaa nyumbani na kuanika. Wachokoao pweza miambani hufuata siku zile zile. Laiti maji ya bamvua yangalikupwa usiku wa manane na alfajiri, kama ilivyo katika nchi nyingine, maisha ya watu hao yangalikuwa mbali kabisa na yalivyo. Bagamoyo, majahazi yalikuja ufukoni wakati wa kujaa, yakakaa mchangani maji yalipopwa, na wapagazi wakaingia majini kupakua. Hata leo vyombo vidogo vingi hufanya hivyo. Na chumvi ya pwani tununuayo sokoni, tofauti na ile ambayo babu zetu waliitoa katika udongo wa Bahi, huanza katika mabwawa yanayofunguliwa ili bamvua liingie, kisha hufungwa, jua likayakausha.

Mtu atauliza, hao manahodha wa meli kubwa hujuaje dakika yenyewe? Hujua kwa kupima kwanza. Kipimo husimamishwa bandarini nacho huandika kimo cha maji mchana na usiku, mwaka mzima na zaidi. Kisha wenye hesabu hulichambua andiko hilo, kama mtu anayesikiliza ngoma nyingi na kutenga mlio wa kila moja, maana kweli zipo ngoma nyingi kuliko mbili tulizozitaja: mwezi kukaribia na kuwa mbali, mwezi kwenda kaskazini na kusini, na nyinginezo. Wakijua kila ngoma hupiga lini na kwa nguvu gani, waweza kuzijumlisha kwa siku yoyote ijayo. Mwaka 1872 Bwana William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu ya kufanya hesabu hiyo: kila gurudumu lilikuwa ngoma moja, na uzi mmoja ulipita juu ya yote na kuyajumlisha. Kwa mashine za namna hiyo, huko Liverpool, Bwana Arthur Doodson alikadiria maji ya pwani ya Ufaransa kwa ajili ya majeshi yaliyoshuka huko tarehe 6 Juni 1944. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na majedwali ya kila siku kwa bandari zetu hupatikana kwa kitabu na kwa simu. Mwenye simu na alitazame jedwali. Asiye nayo, autazame mwezi. Na aliye na vyote viwili, avitazame vyote viwili.

Limebaki swali moja, nalo tumeliweka mwisho kwa sababu ni zito. Je, maji yakiondoka saa isiyo yake? Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi ya alfajiri kwa saa zetu, nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia. Tetemeko hilo liliinua mawimbi yaitwayo tsunami, yakaua watu zaidi ya 200,000 katika nchi zinazozunguka Bahari ya Hindi. Yalivuka bahari yote, na yapata adhuhuri yakafika pwani yetu, yakiwa yamepungua nguvu. Hata hivyo hapa Tanzania watu zaidi ya 10 walikufa, wengi wao wakiwa waogeleaji. Sasa fanyeni hesabu wenyewe. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Maji yalikuwa yamekupwa yapata saa nne ya asubuhi, kwa bamvua. Basi mawimbi yalipofika adhuhuri, bahari ilikuwa chini bado, ndiyo kwanza inaanza kurudi. Kama yangalifika saa kumi ya jioni, yangaliikuta bahari iliyojaa mpaka juu, nayo yangalipanda nchi kavu kupita yalivyopanda.

Mahali pengi siku ile bahari ilikimbia kwanza ikaacha samaki mchangani, na watu wakashuka kuwaokota. Ajuaye saa ya maji huona mara moja kwamba jambo hilo si kupwa: kupwa huchukua saa sita, wala hakuji kwa dakika chache. Mtu akiona bahari inakimbia namna hiyo, au akisikia nchi imetetemeka kwa nguvu naye yuko ufukoni, na apande mahali palipoinuka, wala asirudi kwa sababu wimbi la kwanza limepita. Mawimbi hayo huja mengi, na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote.

Kwa walimu, tumefikiri zoezi lisilogharimu kitu. Siku yenye jua, saa kumi kamili ya jioni, chomekeni ufito mrefu katika uwanja wa shule, mkauinamishe uelekee jua hata kivuli chake kipotee. Uacheni hapo. Mwezi ukiandama, jioni ya siku ya tatu au ya nne watoto watazame mwezi utakapofika usawa wa ufito huo, hata ukipita kidogo kando, waandike saa katika daftari. Nao watakuta ni yapata saa moja na robo au na nusu ya usiku. Kesho yake watazame tena, na kesho kutwa, wakiandika uchelewaji wa kila siku. Kisha mwalimu aitafute katika jedwali la Dar es Salaam saa ya maji kujaa siku zile zile, aiandike katika mstari wa pili mbele ya ile ya watoto. Darasa litakalopanga safari ya pwani na lichague kwa daftari hilo siku ya kwenda na saa ya kushuka ufukoni, na mwalimu abaki na nakala yake mfukoni.